Mizani, Timazi na Mvutano wa Dunia

Siku moja tulikuwa tukifundisha habari za matetemeko ya nchi, tukalitaja lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, ambalo nguvu yake ilihesabiwa 5.9, na ambalo liliangusha nyumba nyingi na kuua watu zaidi ya 15 ng'ambo ya ziwa letu. Mtoto mmoja akasimama, naye ana vitabu viwili mkononi. Kitabu cha kwanza chasema kwamba nyumba ya matofali mabichi huwa katika hatari nchi ikitikisika kwa sehemu ya kumi ya "g". Kitabu cha pili chaonya juu ya hatari iyo hiyo, lakini chasema ni karibu mita moja kwa sekunde kwa sekunde. Mtoto akauliza, "Mwalimu, ni kipi kinachosema kweli?"

Tulimjibu upesi kwamba vyote viwili vyasema kweli. Lakini tulipokwisha kumjibu tuliona kwamba jibu letu lilikuwa fupi mno. Maana nyuma ya swali lile iko habari ndefu, nayo yatuhusu sisi wa Musoma, Bunda na Butiama kama inavyowahusu wataalamu wa Ulaya. Basi tumeona vema kuiandika hapa.

Kila kipimo hutaka kitu cha kukitegemea. Wazee walipima nguo kwa mkono na kamba kwa pima. Nafaka waliipima kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne ni pishi moja. Wafanyi biashara wa pwani walileta ratili na frasila, na frasila ilikuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16 za leo. Vipimo hivyo vilifaa sana watu wa mji mmoja waliojuana. Shida ilianza mgeni alipofika. Mkono ni mkono wa nani? Mtu mrefu akiuza nguo kwa mkono wake hupata hasara, na mtu mfupi hupata faida. Kibaba cha nani, na kimejazwa mpaka wapi? Watu hutafuta kipimo ambacho si mali ya muuzaji wala ya mnunuzi, bali kiko juu yao wote wawili.

Sasa na tutazame jiwe linaloanguka. Mtu akisimama juu ya mwamba mmoja wa vilima vya Butiama na kuliachia jiwe, jiwe haliendi kwa mwendo mmoja, bali mwendo wake huongezeka daima. Baada ya sekunde moja huenda kwa mwendo wa karibu mita 9.8 kwa sekunde. Baada ya sekunde mbili, mita 19.6, baada ya tatu, mita 29.4. Kila sekunde yaongeza mita 9.8 juu ya mwendo uliokuwapo. Kuongezeka huku kwa mwendo ndiko kuitwako mchapuko katika kamusi za sayansi, na kwa sababu twahesabu mita kwa sekunde zinazoongezwa katika kila sekunde, twasema "mita kwa sekunde kwa sekunde". Mtu asidhani neno "kwa sekunde" limerudiwa kwa makosa ya mpiga chapa.

Mtu aliyetufungulia mlango huu ni Galileo, Mwitalia aliyezaliwa Pisa mwaka 1564. Kwa kuwa hakuwa na saa ya kupima kitu kiangukacho upesi, aliteremsha gololi juu ya ubao uliolazwa mshazari, ili mwendo uwe wa polepole apate kuuhesabu. Aliona kwamba kama katika muda wa kwanza gololi imekwenda hatua moja, katika muda wa pili ulio sawa huenda hatua tatu, katika wa tatu hatua tano, katika wa nne hatua saba. Kitabu chake cha habari hizo kilitoka mwaka 1638, naye alikuwa mzee kipofu. Tena alifundisha kwamba, kama si upepo kuzuia, kitu kizito na kitu chepesi huanguka pamoja. Ndipo watu wengine wakaanza kuwaza: ikiwa vitu vyote huanguka kwa mchapuko mmoja, je, huu si ule usawa tulioutafuta? Je, dunia yenyewe haiwezi kuwa kipimo cha watu wote?

Walijaribu kwa timazi. Kila fundi mwashi ajua timazi, risasi iliyofungwa katika uzi. Ukiivuta kando na kuiachia, hubembea kwenda na kurudi, na muda wa kubembea hutegemea urefu wa uzi na mvutano wa dunia. Timazi itumiayo sekunde moja kwenda upande na sekunde moja kurudi urefu wake ni karibu sentimita 99. Mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa iendeshwayo kwa timazi, na wengi wakaona kwamba kipimo cha urefu kwa mataifa yote kimekwisha kupatikana: timazi ya sekunde moja.

Walakini dunia iliwashangaza. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipelekwa Cayenne, katika Amerika ya Kusini, mahali palipo karibu na ikweta kama hapa petu. Alichukua saa iliyokuwa sahihi kule Paris. Alipofika Cayenne saa ile ikachelewa kwa dakika mbili na nusu hivi kila siku, hata ikambidi aifupishe timazi yake. Wengine walidhani ni kosa la fundi au joto la nchi. Lakini Isaac Newton, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687, alieleza sababu yenyewe. Dunia huzunguka, na kwa kuzunguka imevimba kidogo katikati. Basi mtu wa ikweta yu mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko mtu wa ncha, na tena mzunguko wenyewe wampunguzia uzito. Leo twajua kwamba tofauti ya umbali huo ni kilometa 21 hivi, na kwamba mchapuko wa kitu kiangukacho ni 9.780 katika usawa wa bahari penye ikweta, na 9.832 kwenye ncha.

Kwa hiyo Wafaransa walipotaka kuweka vipimo vipya baada ya mapinduzi yao, hawakuichagua timazi. Mwaka 1791 waliamua kwamba mita itokane na ukubwa wa dunia, iwe sehemu moja katika sehemu milioni kumi za njia itokayo ncha ya kaskazini mpaka ikweta. Kwa maneno mengine, waliona kwamba timazi, ingawa ni nzuri, ina upendeleo wa mahali. Mwaka 1875 mataifa kadha yalitia sahihi mapatano ya mita kule Paris. Na mwaka 1901 mkutano wa mapatano yale ulikata shauri juu ya jambo lililokuwa likiwachanganya watu: uzito na wingi wa kitu si jambo moja. Wingi wa kitu haubadiliki ukikichukua kutoka Musoma mpaka London. Uzito wake hubadilika, kwa kuwa uzito ni mvutano. Wakaweka na hesabu moja ya mchapuko wa mvutano wa dunia, iwe kawaida kwa wote: mita 9.80665 kwa sekunde kwa sekunde. Hesabu hiyo ndiyo iitwayo "g".

Je, mambo hayo yalifika kwetu lini? Yalifika mapema kuliko watu wengi wadhanivyo. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa wametumia mita na kilo kwao tangu 1872, wakaja na vipimo hivyo katika nchi yetu. Katika miaka ya 1899 na 1900 wataalamu wawili, Kohlschütter na Glauning, walitumwa na chama cha elimu cha Göttingen kupima mvutano wa dunia katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Reli ya kati ilikuwa haijaanza kujengwa, na siku zile mizigo ya safari za bara ilichukuliwa vichwani mwa wapagazi. Yatupasa kuwakumbuka wapagazi wale, maana elimu nyingi iliyoandikwa kwa majina ya Wazungu ilipita juu ya mabega ya watu wetu.

Baada ya vita ya 1914 hata 1918 Waingereza walishika nchi, na kilo ikapisha ratili, na mita ikapisha futi. Katika miaka ya 1933 na 1934 alikuja mtaalamu kijana wa Cambridge, Edward Bullard, akapima kwa timazi mahali pengi katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Hawa wote, Wadachi kwa Waingereza, waliona jambo moja. Nchi yetu ya juu haikuwavuta kwa nguvu ambayo ungetazamia kwa wingi wa miamba iliyoinuka hivi. Sababu yake ni kwamba chini ya nchi hii ya juu mna vitu vyepesi kuliko vya pande zote. Nchi imekaa kama mtumbwi ziwani: ile sehemu iliyo juu ya maji inachukuliwa na ile iliyozama. Hivyo timazi, kitu kidogo kilichofungwa ndani ya sanduku, kilieleza habari za chini ya miguu yetu ambazo hakuna mtu aliyezichimbua.

Nchi ilipopata uhuru, vipimo navyo vilibadilika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Tanzania iliacha ratili, futi na galoni, ikashika kilo, mita na lita. Aliyekuwa Rais siku zile ni Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliyeanza shule hapa Musoma, Mwisenge, mwaka 1934. Twaona ajabu nzuri kwamba mwaka 1969, wakati ratili ilipokuwa ikituaga sokoni, Mwalimu alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Habari yake wengi waijua: mkopeshaji adai ratili moja ya nyama ya mdeni wake, naye ashindwa kwa sababu ya kipimo, maana aruhusiwa kukata ratili ile kamili, isizidi wala isipungue, wala tone la damu lisimwagike. Kipimo kilichotakiwa kumwangamiza mtu ndicho kilichomwokoa, mara kilipotazamwa kwa haki.

Sasa turudi kwa mtoto wetu na vitabu vyake. Kanuni ni nyepesi. Ukiwa na hesabu ya "g" nawe wataka mita, zidisha kwa 9.80665. Ukiwa na mita nawe wataka "g", gawanya kwa 9.80665. Kwa kazi za kawaida 9.81 yatosha. Vitabu vya zamani vya Kiingereza hutumia futi. Hapo "g" moja ni futi 32.174, maana futi ni mita 0.3048. Tena wapimao matetemeko na mvutano wana kipimo kingine kiitwacho "gal", kwa ukumbusho wa Galileo, nacho ni sentimita moja kwa sekunde kwa sekunde. Basi "g" moja ni gal 980.665. Kwa hiyo sehemu ya kumi ya "g" ni mita 0.98, au gal 98. Vile vitabu viwili havikugombana.

Na tujaribu mfano wa njiani. Basi latoka Musoma kwenda Bunda, likienda kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde. Ng'ombe wakatokea ghafula barabarani, dereva akakanyaga breki, na basi likasimama kwa sekunde 5. Kila sekunde limepoteza mita 4 za mwendo. Basi mchapuko wa kurudi nyuma ni mita 4 kwa sekunde kwa sekunde. Gawanya kwa 9.81, wapata karibu 0.41 ya "g". Maana yake ni nini? Ni kwamba abiria mwenye kilo 60 ahitaji kuzuiwa kwa nguvu iliyo kama uzito wa kilo 24 na nusu, asije akatupwa mbele. Hapa twaona faida ya "g": mita zatupa hesabu, lakini "g" yaeleza jambo lile mwilini mwetu, kwa kuwa kila mtu aujua uzito wake. Pia twaona kwamba tangu kukanyaga breki mpaka kusimama basi lilikwenda mita 50. Wachungaji wa ng'ombe na wafundishwe hivyo, na madereva pia.

Lakini liko onyo. Hesabu ya 9.80665 ni mapatano ya watu, si mvutano wa Musoma. Mji wetu u karibu sana na ikweta, nao umeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Kwa sababu hizo mbili jiwe huanguka hapa kwa mchapuko wa karibu 9.777 tu, na London kwa 9.812. Ukibadili kipimo cha tetemeko au cha breki, tumia ile hesabu ya mapatano popote ulipo. Usitumie ya mahali pako, ama sivyo utarudia kosa la mkono mrefu na mkono mfupi.

Tofauti hii ndogo yaweza kumgusa hata mwuza samaki. Ziko mizani za namna mbili. Mizani ya mikono miwili hulinganisha mzigo na mawe ya chuma. Mvutano ukipungua, hupungua pande zote mbili, na mizani husema kweli popote. Lakini mizani ya kuning'inia yenye springi ndani haina jiwe la kulinganisha. Yapima mvutano tu. Mizani ya namna hiyo ikisahihishwa London na kuletwa Musoma bila kusahihishwa tena, kilo 100 za samaki itazisoma kuwa kilo 99 na gramu 640 hivi. Gramu 360 zimepotea, wala hapana mwizi. Katika tani moja ni zaidi ya kilo 3 na nusu. Mizani za umeme za siku hizi nyingi zina tabia iyo hiyo. Ndiyo sababu mizani haina budi kujaribiwa kwa mawe ya kweli mahali itumikapo. Katika Tanzania kazi ya kukagua vipimo ni ya Wakala wa Vipimo, iliyoundwa mwaka 2002.

Walakini, ndugu zetu, tusimsingizie Muumba. Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa hawakulia kwa sababu ya gramu 360. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walilalamika kwamba pamba yao ilipunjwa katika mizani za wanunuzi, na punjo lile lilitoka katika mikono ya watu. Wakaweka wapimaji wao Waafrika wasimame karibu na mizani na kuhakiki hesabu. Mmoja wa viongozi waliowaunganisha ni Paul Bomani, mwana wa mhubiri, aliyezaliwa mwaka 1925 Ikizu, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Bunda. Mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Jambo kubwa lile lilianza kwa mtu aliyesimama kando ya mizani, ajuaye kuisoma.

Sisi Wakristo tumeonywa tangu Torati juu ya mfuko wenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia. Na Mithali, sura ya 11, yaanza kwa jambo hilo hilo. Wengi wetu husikia maneno hayo kanisani Jumapili, na Jumatatu hujaza debe la mahindi kwa mkono mmoja na kulipunguza kwa mkono wa pili. Tujihoji. Mzazi amtumaye mtoto dukani na amfundishe kusoma mshale wa mizani kabla ya bidhaa kuwekwa, kwamba umesimama penye sifuri. Mkulima na aombe kuona alama ya mkaguzi. Chama cha msingi na kiwe na jiwe la kilo 20 lililohakikiwa, ili asubuhi ya kununua pamba mizani ijaribiwe mbele ya watu wote.

Juma lililofuata yule mtoto alileta timazi aliyoitengeneza kwa kokoto na uzi wa kushonea nyavu. Tuliifunga katika boriti ya darasa, urefu wa sentimita 99, tukahesabu pamoja. Kubembea mara 30, kwenda na kurudi, kulichukua dakika moja kasoro kidogo sana. Watoto wakanyamaza, wakiitazama kokoto ile ya Mara ikifuata amri ile ile iliyoichelewesha saa ya Richer. Kisha mmoja akauliza kama mizani ya dukani kwao imewahi kujaribiwa. Tulimwambia aende akaulize kwa adabu, akatuletee jibu.